Barua kwa Zuhura, kutoka Berlin

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai nyote wazima hapo Kikwajuni. Najua utashangaa kwa nini nimekuandikia kwa kalamu na simu ninayo. Jumamosi nilikwenda Lichtenberg, kwenye yaliyokuwa makao makuu ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, na tangu nitoke humo ninawaza barua tu.

Walikuwa na idara nzima ya kufungua barua za watu. Bahasha inapigwa mvuke mpaka gundi ilegee, barua inasomwa, inafungwa tena, nawe unaipokea hujui kitu. Stasi ilianzishwa Februari 1950. Erich Mielke aliishika tangu 1957 hadi 1989, na ilipokufa ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, mbali na watoa habari kama 189,000. Hao watoa habari ndio walioniumiza roho. Vera Lengsfeld, mwanaharakati aliyefungwa 1988, alikuja kugundua katika faili lake kwamba mmoja wa waliokuwa wakimchongea ni mumewe. Mume, Zuhura! Mtu uliyemzalia.

Mambo yalipowaharibikia Stasi, wakaanza kuchana mafaili yao. Mashine zikawashinda, wakachana kwa mikono. Mjini Erfurt wanawake walitangulia kuivamia ofisi yao, 4 Desemba 1989. Berlin watu waliingia 15 Januari 1990. Kilichookolewa, ukikipanga wima rafuni, kinafika kilomita 111, pamoja na magunia kama 16,000 ya vipande. Kuna watu wamekaa miaka wakiviunganisha kimoja kimoja, ili mtu asome alichoandikiwa kwa siri. Tangu 1992 kila aliyefuatiliwa ana haki ya kuliomba faili lake. Hapo machozi yalinitoka, sikuficha.

Na jambo hili halikuishia huku. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wao wa nje, alifika Unguja 1964, baada ya Mapinduzi, na watu wao wakasaidia kuunda idara yetu ya usalama. Ujerumani Mashariki hiyohiyo ndiyo iliyotujengea maflati ya Kikwajuni tuliyochezea ukuti chini yake.

Babu yako alikuwa kijana wakati ule. Kaa naye jioni moja, kwa upole, umuulize anawakumbukaje Wajerumani wale. Akikubali kusema, niandikie kwa mkono wako. Nitaingoja barua.

Shoga yako,
Mwanaidi