Sele, nisaidie hili la grupu

Sele kaka,

Za Dodoma? Vumbi limekuzoea au bado? Sisi wazima, huku Mbagala tope tu, mama anakusalimu na anauliza ile sufuria yake kubwa uliondoka nayo au vipi. Najua nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe, ila na wewe ulivyotoka kwenye grupu bila hata kuaga nilinuna kidogo, basi tuyaache.

Ninachokuandikia ni hilohilo grupu letu la WhatsApp, la sisi tunaotengeneza programu ya vikoba. Unaikumbuka bagi ya saa, ile hitilafu? Mama Nuru kaweka mkutano wa kikoba saa 2, yeye kichwani mwake ni saa mbili asubuhi kama mtu yeyote, programu yetu ikaelewa 02:00, basi saa nane za usiku simu za wanakikoba wote zinalia "mkutano umeanza", na mume wa mmoja wao akataka aelezwe ni mkutano gani huo wa usiku wa manane. Tulicheka weee, lakini mimi na Zuhura tulikesha wikiendi mbili tunatafuta tulipokosea.

Sasa sikia. Juzi Zuhura anaskroli atafute namba ya kutuma mchango wa harusi ya Kibe, akakutana na meseji ya yule dogo wa Kigoma, kaituma kabla hata hatujaanza kuhangaika. Kaeleza kila kitu! Anasema msijumlishe tu masaa sita mkadhani mmemaliza, saa 2 iko ya asubuhi na ya usiku, muulizeni mtu kwanza. Halafu akagusa kitu ambacho mimi sikuwahi kukiwaza, kwamba mtu akiandika Ijumaa saa saba usiku, kwa wengine ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa wengine ni wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo programu isome tena kwa sauti ya kibinadamu, "usiku wa kuamkia Jumamosi, sawa?", ndipo ihifadhi. Na linki ya marekebisho kaiweka hapohapo. Juu yake stika ya paka anacheza, chini yake "Shemeji katoa 20,000 hongera sana". Hakuna aliyemjibu, hata dole gumba. Siku nne mbele kuna yale maandishi madogo ya kijivu, ametoka.

Mimi nilikuwa online usiku ule Sele. Hiyo hongera ya shemeji niliandika mimi.

Basi nikasema tuhame WhatsApp twende programu nyingine ya kuchati, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Vijana wanataka Discord kwa sababu wanacheza gemu huko, nikawauliza mtu akigoogle tatizo letu atalipataje humo ndani, kimya. Telegram Kibe hataki kuisikia, Kenya ilifungwa wakati wa mitihani ya KCSE 2023 na tena Novemba 2024, anasema hawezi kuwa mchangiaji wa msimu. Slack ya bure unaona meseji za siku 90 tu za nyuma, kikoba chenyewe mzunguko wake mwaka mzima, sasa hapo si tunachekesha. Matrix naipenda, Mozilla wenyewe, wale wa Firefox, walihamia huko 2020 walipoizima IRC yao, ule mtindo wa zamani wa kuchati, na unaweza kusimamisha seva yako, ila hiyo seva nani ailee, mimi huyu ambaye hata kuku walinishinda?

Mimi moyo wangu uko Zulip, nayo ni programu ya kuchati. Si kwa ajili ya sura, sura yake ya kawaida tu. Ni kwamba kila meseji inakaa chini ya mada yake, ya saa kwenye ya saa, ya harusi kwenye ya harusi, na bagi ikiisha unaiwekea mada alama kwamba imetatuliwa. Yule dogo angeandika saa sita usiku mimi asubuhi ningeikuta imekaa palepale na kichwa chake. Watu wa Rust, ile lugha ya kuandikia programu, wanafanyia kazi humo, na miradi huria wanaipa bure. Halafu ile habari ya Freenode, mtandao wa IRC, uliyonisimulia 2021, wengi waliokuwa wanaiendesha wakaondoka wakaanzisha Libera.Chat, na chaneli zilizotaja Libera zikanyang'anywa, wewe ukaniambia usilale nyumba ambayo huna ufunguo wake wa akiba. Haijanitoka. Zulip unaweza kuchukua data yako yote ukaiweka kwenye seva yako siku mkikosana. Nimeuliza hilo kabla ya lingine lolote.

Ila Mzee Mfaume kasema neno moja nikakosa jibu. "Mimi nina bando la WhatsApp." MB za kawaida zikimwishia WhatsApp bado inaendelea, hiyo Zulip ataifungua na nini? Na yeye ndiye anayetujaribishia kila toleo kwa wazee wa Mkuranga, yeye akibaki nje tunamtengenezea nani? Nikajifanya nimepata simu nikatoka nje.

Kwa hiyo nimefikiria daraja. Ile Matterbridge uliyotuwekea kipindi kile cha IRC, inayopitisha meseji kati ya programu mbili za kuchati, inaongea na Zulip pia, na WhatsApp inaweza japo wenyewe hawaipendi na namba inaweza kufungiwa, nitanunua laini nyingine ya kuitoa sadaka. Nimejaribu mwenyewe, faili la mipangilio limenitoa jasho, meseji zinakwenda upande mmoja tu, Mzee ananisikia mimi simsikii. Zuhura anasema ndivyo tulivyo hata bila daraja.

Hebu niambie, Jumamosi una nafasi ya masaa mawili uniangalizie? Na ukilitengeneza utarudi kuwa admini au utatoka tena kimyakimya? Ni mimi niliyekuudhi au ni zile stika? Unayo namba ya yule dogo wa Kigoma, maana nimemwandikia kwenye GitHub, kule tunakoweka kodi, hajajibu, na simlaumu, nikimpata nianzeje? Harusi ya Kibe unakuja? Na sufuria, Sele, nimwambieje mama?

Wako,
Hamisi