Andikeni maswali mliyoshindwa kuyajibu: barua kwa wakutubi wa Mtwara na Lindi

Wanangu wakutubi,

Assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba kwa wote mlionitumia salamu tangu nistaafu. Barua hii naiandika wazi, kila mtu aisome, kwa sababu haiwahusu walioajiriwa na Bodi ya Huduma za Maktaba peke yao. Inawahusu pia walimu mnaoshika funguo za maktaba za shule huko Tandahimba na Nachingwea, na vijana mnaojitolea kwenye vyumba vya kusomea vya parokia, misikiti na vijiji. Kwangu mimi nyote ni wakutubi.

Nawasikia mkisema wasomaji wamehamia kwenye simu. Na kila mkikaa pamoja, mazungumzo yanaishia palepale: tuombe nini kwa wafadhili, vishkwambi au kompyuta? Nawasihi mliweke swali hilo kando kwanza. Nunueni kaunta buku moja, liwekeni mezani kando ya daftari la wageni, na humo mwandike kila swali ambalo mtu alikuja nalo mkashindwa kumjibu. Andikeni tarehe, swali kwa maneno yake mwenyewe, mtaa au kijiji alichotoka, na mlikomwelekeza. Jina lake msiandike.

Daftari la wageni linahesabu vichwa. Wengi wa wanaohesabiwa ni wanafunzi wanaokuja na madaftari yao wenyewe, wanataka meza, mwanga na feni. Karibuni sana wanafunzi, hiyo nayo ni haki yao. Lakini ripoti ya mwezi ikionyesha idadi imepanda, haiwaambii habari za mama aliyetoka Chikongola saa nne asubuhi, akauliza jambo moja, akajibiwa "hatuna", akaondoka. Yule harudi, na atawaambia wenzake sokoni wasijisumbue. Huyo ndiye ninayemtafuta.

Msidhani nawapa jambo geni. Sheria iliyoanzisha Bodi ilipitishwa 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967. Wakati ule watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya iliyosikilizwa redioni kwa vikundi, na maktaba zikalazimika kutafuta vitabu vyembamba vya maandishi makubwa, vinavyoeleza choo, mbu na maji ya kuchemsha, kwa sababu hayo ndiyo watu waliyokuwa wakiyauliza. Hakuna aliyesema maktaba imeharibika kwa kuacha vitabu vinene vya Kiingereza rafuni. Mkutubi alifuata swali lilikokwenda. Sasa swali limekwenda kwenye mtandao, lifuateni huko.

Nitawaambia maswali mawili ambayo nina hakika yatajaza kurasa zenu za kwanza.

La kwanza ni la kijana na fomu. Leo ajira za serikali zinaombwa mtandaoni, mkopo wa chuo mtandaoni, cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mtandaoni, leseni ya biashara mtandaoni. Kijana wa Mikindani hana kompyuta, basi anakwenda steshenari. Nilimwona mmoja hivi karibuni, kamaliza stashahada, ana vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki. Aliyekaa kwenye kompyuta alimfungulia barua pepe, akatunga pasiwedi mwenyewe, akajaza fomu kwa kasi, akatuma, akapokea hela yake. Kijana hakuona kioo hata mara moja. Wiki zilipopita akataka kujua kama ameitwa kwenye usaili, akagundua kuwa hajui pasiwedi, hajui hata anwani yake ya barua pepe iliandikwaje, na yule kijana wa steshenari kahamia Masasi. Nafasi ikampita.

Simlaumu mwenye steshenari, analipa pango na umeme. Kazi yake ni kumaliza fomu. Kazi yenu ni nyingine: mkutubi humketisha mtu mbele ya kioo, naye akasimama nyuma. Mwacheni aandike mwenyewe, kwa kidole kimoja kama ni lazima. Atunge pasiwedi yake, aiandike kwenye karatasi yake, aitie mfukoni mwake. Akimaliza, mwonyesheni namna ya kutoka kwenye akaunti na kufuta vyeti alivyoviskani kwenye kompyuta ya watu wote. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Maktaba iwe mahali ambapo sheria hiyo inaonekana kwa macho. Kompyuta mbili nzima na mtu mwenye subira zinatosha kuanza. Ishirini bila mtu wa kukaa nao zitageuka chumba cha kuangalia mpira.

La pili ni la mkulima wa korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuweka korosho ghalani kwa risiti hadi ziuzwe kwa mnada, uko kwetu tangu 2007. Siku hizi minada inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, na pembejeo za ruzuku hupewa mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo. Mzee anapokea ujumbe kwenye simu, hauelewi. Kilo zake zimeandikwa ngapi? Makato haya ni ya nini? Kwa nini jirani yake kapata salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, naye hajapata? Na kabla ya msimu, mikorosho inapotoa maua, anataka kujua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unaanzaje na apulize lini, kwa kipimo gani. Majibu ya ugonjwa huo yako hapahapa Naliendele, mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini, kwenye kituo cha utafiti ambacho nchi nzima inakitegemea kwa korosho. Lakini utafiti hukaa kwenye ripoti, ripoti hukaa kabatini, na mkulima humsikiliza muuza duka la dawa.

Mkutubi asijifanye bwana shamba. Aende Naliendele aombe vipeperushi vya Kiswahili, aulize kipi ni kipya na kipi kimepitwa. Avitundike, avisome kwa sauti siku ya gulio, na amwalike mtaalamu aje ajibu yale yaliyoandikwa kwenye kaunta buku. Ombeni pia AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, wawape nakala ya matangazo ya mnada na mchanganuo wa makato, mbandike ubaoni kwa herufi kubwa. Mkifanya hivyo msimu mmoja tu, mtashangaa nani anaingia kwa mlango wenu.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi. Wanafunzi wa vyuo wanakuja na orodha ya vitabu waliyopewa na akili unde (AI) kwenye simu. Jina la kitabu zuri, mwandishi anafahamika, mwaka upo. Mnakitafuta hamkioni, kwa sababu hakijawahi kuandikwa. Mashine ile hupanga maneno yanayoelekea kufaa, na wakati mwingine yanayoelekea kufaa si ya kweli. Msimfukuze mwanafunzi huyo wala msimcheke. Mfungulieni katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, mtafute pamoja, aone kwa macho yake kuwa kitabu hakipo, kisha mwonyesheni kilichopo. Kumfundisha kijana kuuliza "nani kasema, na nitamkuta wapi?" ni kazi tuliyokuwa tukiifanya tangu enzi za kabati la kadi. Haijawahi kuhitajika kama leo.

Kuhusu katalogi yenyewe sitasema mengi. Kama maktaba yako bado iko kwenye kadi au kwenye kichwa cha mtu mmoja, ihamishe. Programu ya katalogi iitwayo Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, haina malipo ya leseni, na baadhi ya vyuo vikuu vyetu wanaitumia. Waombeni vijana waliosoma Chuo cha Ukutubi Bagamoyo wakae nanyi siku chache.

Ila msiweke mayai yote kwenye intaneti. Mnaikumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, magari yakalala njiani. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikaharibika kusini huko na intaneti ikazorota nchi nzima. Maktaba iliyokuwa na vitabu rafuni ilifanya kazi siku zote hizo. Iliyokuwa na vishkwambi vinavyotegemea bando ilifunga.

Kwa hiyo vitu vya mtandaoni vihifadhiwe ndani ya jengo. Kuna programu iitwayo Kiwix inayomwezesha mtu kusoma Wikipedia bila intaneti, na ile ya Kiswahili, iliyoanza 2003, inatosha kwenye flashi ndogo. African Storybook ya Afrika Kusini wana hadithi za watoto za Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa bure. Mnaweza kuzichapa, mkazitia kava la karatasi ngumu na kuziazimisha kama kitabu chochote. Kikompyuta kidogo kinachorusha maudhui hayo kwenye simu za watu waliomo ndani, pamoja na sola na betri, kitaendelea umeme ukikatika, na ninyi mnajua unavyokatika. Intaneti ikiwepo, mwonyesheni mwanafunzi Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, asome vitabu vya kiada vya mtaala mpya bila kusubiri nakala moja izunguke darasa zima.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninalolipenda kuliko yote lije mwishoni, maana nikilianza sinyamazi.

Mtu akiingia maktaba yoyote kubwa duniani akauliza habari za kusini yetu, atapata. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, nyuma ya Lindi, mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200, ikabebwa na watu wetu kwa miguu hadi bandarini, na leo dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, watoto wa Ulaya wanamtazama. Vita vya Majimaji vilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, na waliouchapisha kwanza walikuwa Wajerumani. Mtoto wa Mnazi Mmoja akiuliza habari hizi mezani kwenu, mtamfungulia nini? Liandikeni swali lake kwenye kaunta buku, kisha mlifanyie kazi hadi lijibike.

Kila maktaba iwe na rafu ya kusini. Tafuteni vilivyochapwa Ndanda na wamisionari, magazeti ya zamani, shajara za walimu, picha za harusi, ramani za mashamba ya karanga ya Nachingwea na reli yake iliyong'olewa. Mwandishi chipukizi wa mkoani akija na muswada, mwelekezeni jinsi ya kupata ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, maana hutolewa na Bodi hiyohiyo mnayoitumikia, kisha hakikisheni nakala yake inabaki kwenu. Na simu zenu zinarekodi sauti vizuri kuliko mashine yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Kakaeni na wazee: fundi wa mapiko (vinyago vya kuvaa ngomani), mchonga vinyago, mama anayejua dawa na majina ya miti kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua.

Hapa lakini nawaonya kama bibi yenu. Si kila kinachorekodiwa kiende mtandaoni. Mambo ya jando na unyago yana wenyewe na yana wakati wake. Kungwi akikubali kusema mbele ya simu yako, muulize kwanza nani aruhusiwe kusikiliza, andika jibu lake juu ya faili, na liheshimuni hilo hata mkurugenzi akitaka vinginevyo. Vingine vitasikilizwa ndani ya maktaba tu, vingine na wanawake tu. Mkivunja hilo mara moja, hakuna mzee atakayewafungulia mlango tena Newala nzima.

Na wasioona? Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, uliwekwa ili vitabu vigeuzwe sauti au nukta nundu kwa ajili yao bila vizuizi vya hakimiliki. Anzeni na simu na sauti ya mwalimu mmoja mwenye matamshi mazuri.

Msimu wa korosho haujafunguliwa bado, muda mnao. Anzeni kaunta buku Jumatatu. Mwisho wa Septemba wakutubi wa mikoa miwili wakutane, Lindi au Mtwara popote patakapokuwa rahisi kwa nauli, kila mmoja aje na lake, myasome maswali kwa sauti, na orodha ya vitu vya kuombwa itoke humo. Mkinialika nitakuja, nauli nitajilipia, na ninaomba nikae na wale wa maktaba za shule, kwa sababu wao ndio hawaulizwi kamwe wanahitaji nini.

Bibi yenu,
mkutubi mstaafu, Mikindani