KUH: DHARAU NILIYOONYESHWA KATIKA ZIARA YENU YA VITA, SALAITA

Kwa Meneja,

Natumai hujambo. Kanuni zenu za kuwahudumia wateja mnazijua kuliko mimi, maana mmezibandika ofisini, basi sitazirudia. Naingia moja kwa moja kilimani Salaita, karibu na Taveta.

Mwongozaji wenu alikuwa akieleza shambulio la tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia: vijana wa Afrika Kusini walioshuka melini juzijuzi, mizinga ya Mwingereza ikitwanga kileleni ilhali Wajerumani na askari wao wamejichimbia huku chini mteremkoni. Vizuri. Ulipofika wakati wa maswali nikapewa kipaza sauti kama wengine, nikauliza: na wapagazi je? Akacheka. Akasema, "Mzee, hao walibeba mizigo tu. Sisi hapa tunazungumzia wanajeshi." Wageni nao wakacheka.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa hao waliobeba mizigo tu. Alichukuliwa, hakurudi, na kaburi hana. Baba alizaliwa babu ameshaondoka.

Vita hivyo, Bwana Meneja, vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hiyo unga, risasi, hata vipande vya bombomu, vilibebwa na binadamu, mpaka huko Rufiji na Msumbiji. Upande wa Mwingereza peke yake uliandikisha wapagazi wapatao milioni moja. Idadi ya vifo inayotajwa sana kwa upande huo ni kama 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa. Chini ya mbuyu tulisimamishwa juani kusikiliza hekaya ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha shinani akiwadungua Waingereza. Wapagazi hawakupata hata sentensi moja.

Tena ni mwongozaji gani huyu? Asubuhi hiyo, Maktau, alituambia Jenerali Smuts, aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi ya Mwingereza huku, ndiye aliyeongoza shambulio la Salaita. Siku hiyo Smuts hata Mombasa hajafika! Nilinyamaza, sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Yeye wema huo hakunirudishia.

Narudia, maana naona barua za wateja huwa mnazisoma kwa haraka. Nilimuuliza swali moja, kwa adabu. Alicheka kabla hata ya kujibu. Nilipofungua mdomo nimweleze habari za babu, alinipokonya kipaza sauti mkononi, akakizima kwa kidole gumba huku ananitazama, akanishika bega kama mtoto: "Panda gari, mzee, wageni wapige picha." Wageni! Kwani mimi nililipa nusu? Dereva wenu aliinamisha kichwa, afadhali yeye ana haya.

Na bado mkatupeleka makaburini Taveta. Tume inayoyatunza makaburi hayo ilikiri yenyewe mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kama walivyokumbukwa wenzao Wazungu, ikaomba radhi. Nyinyi mnaotoza watu pesa kwenda kuyatazama mnashindwa nini?

Nilipoketi kuandika nilitaka radhi tu. Sasa nataka pesa zangu zote, na radhi ya maandishi yenye saini yako wewe, si ya karani. Habari za wapagazi ziingizwe katika ziara, pale pale Salaita. Na mwongozaji huyo asipewe tena kipaza sauti chochote mpaka amesoma historia anayoiuza.

Nasubiri hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo barua hii itakwenda kwa wanaowapa leseni, na nakala kwa wakili wangu. Wajukuu wa wapagazi tumejaa Taita na Taveta nzima, na barabara ya Salaita tunaijua. Msishangae gari lenu likitukuta tumesimama pale, tunawaeleza wageni wenu sisi wenyewe, bila kipaza sauti.

Wako,
Mjukuu wa mpagazi,
Voi

Tanbihi: Chakula cha mchana mlichosema kimo ndani ya bei, tulilipishwa.