Huku tiki ni kosa

Hiroshima, 14 Juni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ila mvua. Tumeingia masika ya huku, wanayaita tsuyu: nguo hazikauki na daftari zinajikunja kama papadi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mwisho wa mwezi huu shule nyingi zina mitihani ya muhula, na mazoezi yanamiminika mezani kwangu kama mvua yenyewe.

Umeniuliza kibarua changu hasa ni kitu gani, maana mama amekwambia ninawafundisha Wajapani Kiingereza. Sifundishi. Kuna kampuni ndogo inayotunga kwizi za Kiingereza kwa shule za hapa: za dakika tano, maswali ya kuchagua jibu, kujaza nafasi, kusikiliza na kuoanisha na picha. Mimi ninazipitia kabla hazijafika kwa watoto. Wanafunzi wa kigeni tunaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na mimi huzimaliza zote.

Siku ya kwanza nilipata aibu, acha nikuhadithie. Nilipewa kurasa 12 na kalamu nyekundu. Nikafanya tulivyozoea: swali lililokaa vizuri, tiki. Mengi yalikuwa mazuri, basi tiki zikajaa. Nikampelekea bosi nikijisikia fundi. Mama wa watu akaangalia ukurasa wa kwanza, wa pili, uso ukamsawijika. Huku, somo, tiki ni alama ya kosa! Jibu sahihi huzungushiwa duara, lililopata nusu huchorewa pembetatu, na mtoto akifanya vizuri kupita kiasi lile duara huongezewa petali likawa ua. Kwa hiyo yeye aliona nimezikataa kurasa zote 12, swali kwa swali. Kwa adabu zao hakunifokea. Alikaa nazo mpaka saa tisa alasiri ndipo akaja na kikombe cha chai, akauliza kwa sauti ndogo, "Samahani, ni yote?"

Kabla yangu huwa anapitia kijana mmoja ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Yeye husoma sentensi, ikimkaa sikioni anaipitisha. Mwanzoni nilijiuliza mimi nimewekwa hapa niongeze nini, mtu niliyekutana na Kiingereza darasani, tena kikiwa lugha ya tatu baada ya Kisambaa na Kiswahili. Sasa najua. Yeye anatazama kama Kiingereza ni sahihi. Mimi natazama kama mtoto anayejua anaweza kukosa.

Chukua hili: "My sister ___ in Osaka." Majibu: live, lives, lived, is living. Jibu lililowekwa: lives. Kijana alilipitisha, na kweli hiyo sentensi haina dosari. Lakini majibu matatu kati ya manne yanakubalika! Bosi akasema somo la wiki hiyo ni ile "s" ya nafsi ya tatu, watoto watajua kinachotakiwa. Hapo ndipo nilipokaza shingo. Anayejua kidogo atachagua alichofundishwa jana na atapata. Atakayenaswa ni yule aliyewahi kukaa ng'ambo na wazazi wake, au anayekwenda tuisheni kila jioni na keshaonja wakati uliopita. Tukaondoa mawili, tukaweka "living" peke yake. Dakika 20 za ubishi kwa neno moja, na mimi nikarudi nyumbani nimeshiba.

Lingine litakuchekesha. Mtoto kwenye picha amekunja uso mbele ya samaki, swali linasema "Don't you like fish?" Mjapani asiyependa samaki atajibu "hai", yaani ndiyo, ni kama ulivyosema, sipendi. Sisi je? "Hupendi samaki?" "Ee, sipendi." Kiingereza kinataka "No, I don't." Unakumbuka kidato cha kwanza ulipoulizwa "Haven't you done your homework?" ukajibu "Yes, sir" kwa unyenyekevu wote? Mwalimu akanyoosha mkono apewe daftari, na daftari tupu. Ukala viboko viwili, kimoja cha uvivu na kimoja cha uongo, na uongo hukusema! Nilimhadithia bosi kisa hicho akacheka mpaka akatoa leso. Swali halikufutwa, ila sasa majibu yameandikwa sentensi nzima, na chini yake kuna mstari mmoja wa Kijapani unaoeleza kwamba Kiingereza hakijali swali limekaaje, kinajali kama samaki wanapendwa.

Maneno nayo yana mipaka yake. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili darasa la tano na la sita, na mtoto anatakiwa amalize shule ya msingi amekutana na maneno 600 hadi 700. Miaka mitatu ya sekondari ya chini inaongeza 1,600 hadi 1,800. Zamani ngazi hiyo ilikuwa na 1,200 tu. Neno ambalo halijafikiwa kwenye kitabu tunalibadilisha, au tunaliwekea maana pembeni. Nikikumbuka sisi tulivyotoka darasa la saba na Kiswahili chetu, wiki ya tatu ya sekondari tukatupiwa "photosynthesis" bila pole, naona kama tulivuka mto bila mtumbwi.

Kazi inayonichosha kuliko zote ni ya vishikwambi. Huku kila mtoto ana chake shuleni, siyo kama vile mlivyogawiwa nyinyi walimu baada ya sensa ya 2022. Mwalimu akisahihisha kwa mkono anaona mtoto alichokusudia. Mashine haioni. Tena kibodi ya Kijapani ina herufi za Kirumi za aina mbili, nyembamba na pana. Kwa jicho, "apple" ya herufi pana ni apple ileile. Kwa mashine ni mdudu mwingine kabisa. Kwenye majaribio yetu mtoto mmoja aliandika neno hilo sawasawa mara tano, akakosa mara tano, mara ya sita akaandika kwa Kijapani kitu ambacho bosi alikataa kunitafsiria. Sasa kila swali la kuandika ninaliorodheshea majibu yote ya kukubaliwa: "I am", "I'm" yenye kikoma cha kunyooka, "I'm" yenye kikoma cha kupinda, nafasi iliyoachwa mwishoni bahati mbaya. Haina utamu wowote, na nadhani ndiyo yenye faida kuliko zote.

Juzi likaja hili: "People in Tanzania speak ___." French, English, Swahili. Jibu lililowekwa: English. Sikuchora duara wala tiki. Nilijaza ukingo wote wa karatasi kwa Kijapani changu cha kuokoteza. Jumatatu limerudi limetengenezwa, na bosi amenichorea ua.

Sasa nikutume. Majibu ya mtego ninayoyapenda ni yale yanayotokana na makosa ya kweli, siyo ya kubuni mezani. Niandikie makosa ya kidato cha kwanza chako, hasa kwenye "yes" na "no" na kwenye "a" na "the", maana hawa nao hujibu "ndiyo" kama sisi na lugha yao haina "a" wala "the", nione kama wanajikwaa palepale. Usiniandikie jina la mtoto, kosa tu linatosha. Na ukienda Lushoto nisalimie mama, mwambie sifundishi.

Somo yako