Ami, Morris isende Lengai na miguu ile

Ami, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu hupokei, na ujumbe unausoma hujibu. Nimesikia msafara wa magari ya zamani unavuka bara kwenda Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, na Morris Minor ya marehemu imo. Hongera. Kwa injini sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni miguu ya mbele.

Nyuma ya kila gurudumu king pini, ile fimbo ya chuma ambayo gurudumu hupindia kona, imeingia kwa hesi ndani ya trunioni, chuma kinachoishika, kama parafujo na nati. Kila shimo na kila kona, mzigo wa upande ule unabebwa na hesi za chini. Zikikosa girisi zinasagika kimyakimya, mpaka siku pini inachomoka: gurudumu linalala chini ya madigadi na gari inapiga pua. Kitabu chake cha zamani kinataka girisi kila maili 1,000, yaani kilomita 1,600. Sasa hesabu mwenyewe. Dar hadi Arusha kwa Chalinze na Segera ni zaidi ya 600. Arusha hadi Mto wa Mbu zaidi ya 100. Kisha kwa Engaruka hadi Engaresero, chini ya mlima, zaidi ya 100 nyengine za mawe na vumbi. Kwenda na kurudi muda wa girisi umekwisha. Hapa Unguja ilikuwa Malindi na Bububu, kilomita 10, ndiyo maana imestahamili.

Na usipige girisi gari ikiwa imesimama kwa miguu yake. Hapo girisi hupita upande usiobeba, ule unaosagika unabaki mkavu. Piga jeki, gurudumu lining'inie, mtu mmoja azungushe usukani kulia na kushoto na mwengine apampu, mpaka chafu itoke na mpya ionekane. Halafu shika tairi juu na chini ulitikise, na mtu alale chini atazame. Ikiwa mchezo, yaani kulegea, uko kwenye trunioni, si kwenye beringi, girisi haitausaidia. Ni kubadilisha.

Haya unayajua, Ami. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia taa. Hakuna aliyemshikia taa vizuri kama wewe, mwenyewe akisema.

Ndiyo maana siku ile haisahauliki. Siku ya tatu ya msiba wake, khitma haijakwisha, watu wamo majamvini, kahawa haijazungushwa. Ukainuka, ukenda uani, ukaipiga stata. Hukuchomoa hata kijiti cha oili. Ukaikanyagia mafuta mpaka moshi ukawaingilia wanawake ndani na msomaji akanyamaza. Ukatoka unacheka: "Inanguruma kama mpya." Injini iliyolala miezi mitano, Ami! Oili yote imeshuka chini, beringi kavu. Ilikuwa robo saa tu: toa plagi nne, izungushe kwa stata bila ya plagi mpaka taa ya oili izime, rudisha plagi, ndipo uwashe. Robo saa ile hukuwa nayo, na gari haikuwa inakimbia.

Na rota ya distribyuta, kile kipande kinachogawa umeme wa plagi na bila yake gari haiwaki, ndiyo, niliitoa mimi. Unawaambia watu nimeiba. Rota huchomolewa kwa mkono bila ya spana na haiharibu kitu. Mwenye nia ya kukomoa hukata waya. Kununua nyengine unaweza, lakini nyingi za siku hizi zina ribiti juu, umeme unavujia kwenye shafti, na gari ikipata moto inazima njiani. Ile ya marehemu haina ribiti. Kwa hiyo nani ameihifadhi gari, mimi au wewe?

Haya, tuseme unakwenda. Arusha ni mita 1,400, hewa nyepesi. Plagi zikitoka na masizi, petroli imezidi: pandisha nati ya jeti chini ya kabureta bapa moja, yaani upande mmoja wa nati, na uandike, maana ukishuka Bonde la Ufa utairudisha. Ziwa Natron liko mita 600 tu, na joto lake hugeuza petroli mvuke ndani ya bomba. Kitambaa kibichi juu ya pampu ya petroli kinatosha. Pampu ikiwa haipigi tik-tik ukifungua swichi, pointi zake za umeme zimeshika, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikipiga bila ya kunyamaza, inavuta hewa au tangi kavu. Betri ikilala, kumbuka Morris chanya ndiyo iliyofungwa bodini. Unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, lakini bodi za gari mbili zisigusane hata kwa bampa.

Mlima wenyewe ni wa magadi. Lava yake hutoka nyeusi kwa nyuzi 500 hadi 600, nusu ya joto la volkano nyengine, ikipata unyevu inakuwa nyeupe. Uliporipuka 2007 na 2008 ulimwaga majivu kote kule. Vumbi hilo juu ya bodi iliyokwisha liwa na chumvi ya bahari! Ukirudi Mto wa Mbu, osha chini kwa maji mengi kabla ya kulala. Ningekuwa wewe ningeiacha hapo hapo Mto wa Mbu nikapanda Land Rover ya mwenzangu. Lakini wewe huachi.

Rota nimeifunga kwenye kitambaa, pamoja na pampu ya girisi. Njoo Ijumaa baada ya sala, na jeki yako. Tukishauona mguu wa kushoto, nitaipachika mwenyewe.