Mwacheni Hoffman: barua ya wazi kwa wajukuu zangu wa Toronto

Wanangu na wajukuu zangu,

Sitawauliza hali. Hali zenu niliziona mwenyewe usiku wa Novemba 1, 2025 sebuleni kwangu, timu yetu ya besiboli, Blue Jays, ilipopoteza fainali mbele ya Dodgers wa Los Angeles, na nimeendelea kuzisikia kila Jumapili mkija kula lawama zikimwangukia mrushaji wetu Jeff Hoffman. Hata juzi msibani, mtu anatoa mkono wa pole huku analalamika, "Yule Hoffman, bibi, katuua." Nimevumilia vya kutosha. Naandika hadharani ili na wasiofika kwangu wasome.

Kwanza niwape haki yenu. Mwaka 2024 Blue Jays walishika mkia wa kundi lao, na ninyi mliendelea kuvaa jezi zile zile bila kuona haya. Mwaka uliofuata wakaongoza kundi, wakawatoa Yankees, wakawatoa na Mariners kwa ule mpira ambao George Springer aliupiga mpaka kwenye viti awamu ya saba, siku ambayo jirani wa chini aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Toronto haikuwa imeonja World Series, yaani fainali ya ubingwa, tangu 1993. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na mimi nilikuwa zamu ya usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nakunja mashuka, redio iko juu ya rafu. Besiboli niliijua kwa masikio kabla ya macho. Kwa hiyo nilipowaona mmejazana kwenye zulia langu mnawaeleza mama zenu kwa Kiswahili kwa nini mrushaji anabadilishwa, moyo wangu ulijaa. Hilo sitawanyang'anya.

Sasa lililonikera.

Mchezo wa saba, wa kuamua bingwa, awamu ya tisa ambayo kwa kawaida ni ya mwisho, tunaongoza 4-3, wamebaki wapigaji wawili wa kutolewa ubingwa uwe wetu. Jeff Hoffman anamrushia Miguel Rojas, mpigaji wa mwisho kwenye orodha ya Dodgers, ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa akimwogopa. Mpira ukaenda kutua kwenye viti vya mashabiki upande wa kushoto. 4-4. Rojas hajamaliza kuzunguka vituo, mmoja wenu ameshafungua ukurasa wa Hoffman, vidole vinakimbia. Nilikuwa nyuma yako, mwanangu, na miwani nilikuwa nimeivaa. Maneno yale ungeyatamka barabarani Tanga enzi zangu, ungepelekwa kwa mama yako umeshikwa sikio, na njiani kila mtu mzima angekuongeza lake. Mwenzako akauliza mke wa Hoffman anaitwa nani, ili naye apate zake. Mkacheka.

Haya, kama ni kumtafuta mwenye kosa, tuhesabu wote. Nusu ya pili ya awamu hiyo hiyo, zamu yetu ya kupiga, tulijaza vituo vyote na ametoka mtu mmoja tu. Varsho akapiga mpira wa chini, Isiah Kiner-Falefa akatolewa kwenye kituo cha nyumbani, pa kupatia pointi, kwa tofauti ya unyayo. Mkamwacha Hoffman mkamrukia yeye, eti alisimama karibu mno na kituo cha tatu. Clement akaupiga mbali, Andy Pages akaja mbio akaudaka huku amemparamia mwenzake. Awamu ya 11 Will Smith wa Dodgers akaupiga mpira wa mrushaji wetu Shane Bieber mpaka kwenye viti, wakaongoza. Tukapata nafasi nyingine, Guerrero yuko kituo cha tatu, Kirk akapiga mpira uliotoa watu wawili kwa mkupuo, kwisha. Na usiku wa kuamkia hapo, mchezo wa sita, si Barger wetu aliyenaswa nje ya kituo cha pili mchezo ukaishia pale? Pilau ikiungua hatuiti punje moja ya mchele kuihoji. Halafu katika laana zenu zote sikusikia popote kwamba upande wa pili kulikuwa na watu. Mrushaji wao Yoshinobu Yamamoto alirusha awamu sita Ijumaa, Jumamosi akarudi tena kumalizia kazi. Yule naye alikuja kutalii?

Niwasimulie kuhusu Bill Buckner, maana mnalitaja jina lake kama tusi bila kumjua. Fainali ya mwaka 1986, Boston Red Sox, timu yake, dhidi ya Mets wa New York, mchezo wa sita. Mpira dhaifu wa Mookie Wilson ukapita chini ya glovu ya Buckner, Mets wakashinda. Mtu huyu alikuwa akicheza na vifundo vya miguu vibovu, na katika maisha yake alipiga mipira ya kumfikisha kituoni zaidi ya 2,700, idadi ambayo wachezaji wengi huishia kuiota. Tena mpira ule ulipompita matokeo yalikuwa yameshasawazishwa, na mchezo wa saba ulikuwa bado haujachezwa. Red Sox waliucheza, wakaongoza, wakaupoteza. Nani anaukumbuka? Watu walishapata mtu wao. Alitukanwa, familia yake ikasumbuliwa, mwishowe akahamia Idaho. Mwaka 2008 Boston walimwita arushe mpira wa ufunguzi, uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi, naye akalia hadharani. Wakati huo Red Sox walikuwa wameshachukua ubingwa mara mbili, 2004 na 2007. Ina maana msamaha ulisubiri mpaka wao washibe.

Chicago ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu 2003 mashabiki wa timu ya Cubs walimwandama shabiki mwenzao, katika mchezo wa sita. Kijana amekaa kwenye kiti chake, ameunyooshea mkono mpira uliokuwa ukianguka upande wa viti, kama walivyofanya wa kushoto na wa kulia kwake. Cubs wakaruhusu pointi nane awamu ile, na mchezo wa saba wakaupoteza pia, lakini aliyetolewa uwanjani akilindwa na walinzi ni yeye. Jina lake siliandiki. Ametaka aachwe, nami namwacha.

Msidhani 1993 yetu ilikuwa safi. Mpira ambao Joe Carter aliupiga tukatwaa ubingwa, mnaouangalia mpaka leo kwenye simu, ulirushwa na Mitch Williams wa Philadelphia. Mtu yule alikuwa ameshatishiwa kuuawa kwa kupoteza mchezo wa nne, na bado akapanda kurusha wa sita. Desemba akauzwa Houston. Furaha yetu, na msiba wa nyumba ya mtu.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani." Methali hiyo mliwatumia rafiki zenu wa Yankees mwezi wa kumi, na vikaragosi vya kucheka. Nimewatunzia.

Nije kwenye kubeti, maana hasira za usiku ule hazikuwa za ushabiki mtupu. Mmoja wenu alikuwa na mkeka, na ndani ya mkeka ule kulikuwa na karo ya muhula. Anajijua. Mama yake naye ameshajua. Mikeka mmeiona kwa wajomba zenu Dar na Mombasa, mkadhani hapa kwa kuwa kila kitu kina leseni basi ni salama. Tangu Aprili 2022 Ontario imewafungulia milango kampuni binafsi za kubeti mtandaoni, na matangazo yao yanapita katikati ya mchezo, mbele ya mtoto anayejifunza bado kuhesabu awamu. Mei 2025 Lance McCullers wa Houston alirusha vibaya, akatumiwa vitisho vya kuwaua watoto wake. Polisi walipofuatilia wakamkuta mlevi aliyepoteza dau, yuko nje ya Marekani kabisa. Na Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walifunguliwa mashtaka ya kupanga mirusho na wacheza kamari. Walikana. Ligi ikaweka kikomo cha dola 200 kwa dau la mrusho mmoja. Dola mia mbili, kwa mpira mmoja! Huko ndiko kubana?

Na sisi wazee wa jumuiya tusijifiche. Msiba ukitokea tunachangishana siku mbili jeneza liko njiani kwenda nyumbani. Kijana akizama kwenye kamari tunasema aombewe, halafu tunamsema jikoni.

Kuna haya madogo pia. Walioanza kuipenda timu Oktoba msiwaite mashabiki maandazi, kila mtu ana siku aliyofika. Jezi fueni, msichome. Kazini nendeni. Aliyesema "nilijua tu" asirudie mbele yangu.

Msimu ukiisha huja miezi ya tetesi za usajili, na hapo ndipo mnapougua zaidi. Bo Bichette mkataba wake uliisha baada ya msimu wa 2025, na popote aendapo kumbukeni ni yeye aliyeupiga mpira wa Shohei Ohtani wa Dodgers tukapata pointi tatu usiku ule huku goti linamsumbua. Bieber mliyemfukuza kwa midomo yenu alikuwa na hiari ya kuondoka, akachagua kubaki. Desemba 2023 mji huu ulishinda ukifuatilia ndege moja ndogo kutoka California, watu wakiapa kwamba Shohei Ohtani yumo. Ndege ikatua, akashuka mfanyabiashara na familia yake. Kesho yake Ohtani akatangaza anakwenda Dodgers kwa dola milioni 700. Kwa hiyo msiniamshe saa nane za usiku kuniambia fulani kaonekana uwanja wa ndege.

Katikati ya Februari warushaji na wadakaji huripoti mazoezini Dunedin, Florida. Kuanzia hapo nitafungua redio. Machi mwishoni njooni, chapati na maharage ya nazi viko juu yangu, soda leteni ninyi. Simu zitakaa kwenye kapu mlangoni mpaka mchezo uishe, na Hoffman akipanda kurusha mtampigia makofi, hata kama mtasaga meno.

Bibi yenu,
Scarborough