Tenga la mchuuzi lioshwe kabla halijafika bandani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme neno juu ya bakteria wanaoingia kwa kuku wa nyama na kumfikia mlaji, hasa wiki za mwisho za kuku bandani. Hapo ndipo kazi ya mwezi mzima huharibika kwa asubuhi moja.

Kuna jambo linalochanganya watu, tuliweke sawa kwanza. Taifodi ya binadamu haitoki kwa kuku. Bakteria wake, Salmonella Typhi, hukaa kwa binadamu tu. Taifodi ya kuku nayo, inayosababishwa na Salmonella Gallinarum, huua mitetea lakini ni nadra kumdhuru mtu. Wanaomfikia mlaji ni bakteria wengine: Salmonella Enteritidis na Salmonella Typhimurium (hapa tunawaita salmonela), na kampilobakta. Hawa hukaa utumboni mwa kuku anayekula vizuri, anayeongezeka uzito na asiye na dalili yoyote. Mfugaji haoni mzoga, mnunuzi haoni kasoro. Anayeharisha ni mlaji, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, mzee au mtu mwenye VVU, kwa kuwa salmonela inaweza kumpenya hadi kwenye damu.

Kwa sababu hakuna dalili, wafugaji wengi wamezoea "kusafisha tumbo": antibayotiki kama OTC (oksitetrasaiklini) au enrofloksasini kwenye maji, kuku awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Hiyo ni hela inayotupwa, tena inaleta hasara ya pili. Kifaranga wa kienyeji humfuata mama yake, akadonoa alipochafua mama, na kwa njia hiyo hupata bakteria wema wanaojaza utumbo na kuwanyima salmonela pa kukaa. Kifaranga wa mashine hana mama wa kumfuata. Watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha mwaka 1973 kwamba vifaranga waliopewa yaliyomo kwenye utumbo wa kuku wakubwa walipata kinga dhidi ya salmonela. Dawa inayomwagwa ovyo huwaua hao bakteria wema na kuacha nafasi wazi. Marekani iliondoa enrofloksasini kwenye kuku mwaka 2005 kwa sababu kampilobakta walikuwa wamekuwa sugu, na Umoja wa Ulaya hauruhusu, isipokuwa kwa hali chache maalumu, antibayotiki itumike kama njia ya kudhibiti salmonela kwa kuku. Kuku akiumwa atibiwe, baada ya daktari wa mifugo kumwona, na siku za kusubiri kabla ya kuuza, zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa, ziheshimiwe. Zaidi ya hapo, dawa si ufagio.

Sasa tuje kwenye tenga. Kampilobakta mara chache huonekana bandani kabla ya wiki ya 2 au ya 3. Akishaingia, ndani ya wiki moja karibu kundi zima linakuwa naye. Na ni wakati huohuo mchuuzi anapofika: leo anachukua 50 wakubwa, Ijumaa 80, waliobaki wiki ijayo. Matenga yake yametoka sokoni usiku huohuo, yamegandamana kinyesi cha kuku wa mabanda mengine manne. Anaingia nayo hadi katikati ya banda, na viatu vyake ni vilevile alivyokanyagia machinjioni. Waliochukuliwa wameondoka, walioachwa ndio wanaobaki na mzigo.

Ukiweza, uza kundi zima kwa siku moja. Usipoweza, na tunajua wengi hawawezi kwa kuwa soko haliko hivyo, basi tenga lisivuke mlango. Kuku wakamatwe na watu wa banda, wapitishwe mlangoni, mchuuzi apokee nje. Weka ubao wa kimo cha goti mlangoni na jozi ya mabuti upande wa ndani. Ya nje hayavuki, ya ndani hayatoki. Mabuti haya yana faida kuliko lile beseni la dawa la mlangoni, ambalo mara nyingi ni tope tu: kinyesi kikishaingia, dawa imekwisha nguvu, na wengi hulibadilisha mara moja kwa wiki.

Tenga la fito au mianzi halisafishiki, uchafu unajificha kwenye maungio. La plastiki linasafishika, ila kwa mpangilio: kwangua, osha kwa maji na sabuni kwa brashi, suuza, ndipo utie dawa. Klorini ya madukani ya asilimia 3.5, ile watu wanayoiita jiki, sehemu 1 kwa sehemu 19 za maji, ikae dakika 15, kisha tenga lianikwe juani hadi likauke kabisa. Kampilobakta hawezi ukavu. Anayemwaga dawa juu ya kinyesi amepoteza dawa.

Jambo jingine linalofanyika kwa makusudi ni kumshibisha kuku usiku wa mauzo ili mizani ipande. Utumbo uliojaa hupasuka wakati wa kuchinja na kuchafua nyama yote. Chakula kiondolewe saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa. Maji yabaki hadi wakati wa kukamata. Kama atachinjwa saa 12 asubuhi, vyombo vya chakula vitoke saa 2 usiku. Usizidishe pia. Kuku aliyekaa na njaa mno hudonoa maranda na kinyesi, gole likajaa salmonela, na utumbo wake hulegea ukachanika kirahisi.

Kuhusu maji ya kunywa ya kuku: mililita 10 za klorini hiyo ya asilimia 3.5 kwa lita 100 hutoa kama miligramu 3.5 kwa lita. Pima klorini kwenye chombo cha mwisho cha kunywea, si kwenye tangi. Chupa ya klorini iliyokaa wazi au juani imeshapungua nguvu, na maji ya kisima yenye magadi mengi huifanya klorini ifanye kazi kivivu. Wapo wanaotia siki kurekebisha hilo. Wasithubutu kuchanganya siki na klorini kwenye ndoo moja, hewa inayotoka ni sumu. Na hapa ndipo chanjo za kideri na gumboro huharibika bila mtu kujua: klorini huua chanjo hai. Isimamishe siku 2 kabla, kisha tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, dakika 20 kabla ya chanjo.

Salmonela ana milango yake mingine. Dagaa walioanikwa mchangani, ambako ndege na mbwa hupita, huingia naye kwenye chakula cha kuku. Panya humsambaza kwa kinyesi, na panya mdogo hupita tundu la milimita 6. Kwa kuku wa mayai, trei za karatasi zinazozunguka kutoka banda hadi banda ni tatizo, maana haziosheki. Yai chafu lipanguswe likiwa kavu. Ukiliosha kwa maji baridi unaondoa utando wake na kuvuta uchafu ndani kupitia vitundu vya ganda.

Sokoni, pipa moja la kunyonyolea hutumika tangu alfajiri hadi mchana. Maji yakishapoa chini ya nyuzi 50 hayapunguzi bakteria, yanawagawa. Yabadilishwe, na utumbo utolewe meza nyingine. Nyumbani, limau haliui salmonela, na bomba juu ya kuku hurusha matone hadi kwenye kachumbari. Anayeona lazima aoshe, atumie beseni, taratibu, kisha aoshe beseni na mikono kwa sabuni. Kinachoua ni moto: nyama ya ndani kabisa, karibu na mfupa wa paja, ifike nyuzi 74.

Ombi letu kwa halmashauri ni dogo. Ushuru wa soko la kuku unakusanywa kila siku, lakini mchuuzi anayetaka kuosha tenga lake hana pa kuoshea. Ijengwe sakafu ya zege yenye mteremko, bomba, tangi la lita 1,000 kwa siku ambazo maji hayatoki, brashi, na shimo la majitaka lililo mbali na meza za nyama. Iwekwe upande wa kutokea magari, si wa kuingilia, ili tenga lioshwe likiwa tupu, kabla halijapanda pikipiki kurudi kwa mfugaji.

Wako,
Maofisa mifugo,
Mkoa wa Pwani